Alamu inalia pii pii na mwizi hayupo

SWALI: Mhariri, alamu ya nyumbani inapiga pii kila mara na taa ya njano inawaka, nikiweka namba ya siri inanyamaza halafu kesho inaanza tena. Shida nini?

JIBU: Ndugu yangu, kunyamazisha sio kutengeneza. Cheki kwanza adapta isije ikawa imechomoka kwenye soketi, maana umeme ukikatika nayo inalia hivyohivyo, kama iko sawa basi mimi nashuku betri ya akiba, ile nzito ya volti 12 ndani ya boksi, huwa inachoka baada ya miaka 3 hadi 5, ukiikuta imevimba ubavuni ndo ishakufa hiyo. Ukiweka mpya usipaniki taa isipozima hapohapo, iache ichaji mpaka masaa 24. Na kama mtambo umeunganishwa na kampuni ya ulinzi wapigie kabla hujafungua boksi, wasije wakatuma gari bure.