Shangazi, mume wangu amewaambia sina kazi

Mama Masika wa Bwera, wilaya ya Kasese nchini Uganda, ameniandikia kurasa nne. Nimezipunguza:

"Shangazi, nina miaka 34 na watoto watano. Watu wa sensa walipofika kwetu mwaka 2024 walimuuliza mume wangu mkewe anafanya kazi gani. Akajibu: hana kazi, yuko tu nyumbani. Wakati huo nilikuwa nasonga bundu, ugali wetu wa muhogo, na unga umenifika viwikoni. Msimu huu ameuza kahawa yetu kwa dalali ikiwa bado maua, na pesa sijaziona. Kwa hiyo nimeanza kuficha zangu za nyanya ndani ya gunia la unga. Sasa nasikia anatafuta mnunuzi wa shamba la chini, lile la kahawa na migomba. Nikirudi kwetu, naogopa kaka zangu watadaiwa wale mbuzi wa mahari. Nifanye nini?"

Pole, mwanangu. Hilo neno "hana kazi" umeliandika mara tatu katika barua yako, najua limekuchoma. Ila usiende kumgombeza kwa ajili ya neno la mwaka juzi wakati shamba linataka kuondoka.

Kwanza shamba, maana halingoji. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inasema ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki yake haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzi wa ndoa kukubali. Hata kama karatasi haina jina lako. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wiki hii, kwa adabu, umwambie hujakubali, ili karatasi ya mauzo ikiletwa asiipigie muhuri. Jambo moja lichunguze: sheria inamlinda mke wa ndoa. Kwa kuwa mbuzi walitoka, ndoa yenu ya kimila ipo, lakini kama hamkuiandikisha gombolola, kwenye ofisi ya tarafa, iandikisheni. Mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka kumi na mitano bila ndoa yoyote huangaliwa kwa jicho lingine kabisa mgogoro ukifika mbele ya hakimu.

Sasa kahawa. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kuuza maua ni kukopa kwa riba ambayo haikuandikwa popote. Dalali anakupa kidogo leo, na kahawa ikiiva anachukua yote. Kibaya zaidi, atakayeichuma, atakayeianika kwenye turubai na kuikimbilia mvua inapokuja ni wewe na Masika, na hata debe moja si lenu. Lakini hukunieleza pesa ziliingia wapi. Ada? Mgonjwa? Au waragi? Nahitaji kujua, na wewe unahitaji kujua kabla yangu, kwa sababu mwanamume aliyeuza maua kumtibu mama yake si sawa na aliyeyanywa. Muulize. Muulize akiwa ameshiba, na si mbele ya mama mkwe.

Halafu mchoree mti. Usicheke. Huko huko kwenu Kasese, chama cha wakulima wa kahawa cha Bukonzo Joint kimewafundisha wanandoa wengi jambo hili. Chukua kijiti, chora shina kwenye vumbi mbele ya jiko: hiyo ndiyo nyumba yenu. Mizizi ya upande mmoja ni kazi zako, ya upande wa pili ni zake. Juu chora matawi, kila tawi ni mahali pesa zinakoishia, na anayefaidi ni nani. Kuna nyumba ambazo mizizi imejaa upande mmoja na matawi yote yameinamia upande wa pili, na hapo mwenye macho haambiwi tazama.

Ushauri wangu mimi, ambao hawaufundishi kwenye semina: anza na mizizi yake. Kukata miti, kujenga, kubeba magunia mpaka barabarani, chochote anachofanya kweli. Mwanamume akiona kazi yake imechorwa kwanza, atakushika mkono akuonyeshe uliyosahau. Hapo ndipo umpe kijiti na umwambie, haya baba Masika, sasa chora zangu. Mwache ahesabu mwenyewe majerikani, kuni, palizi, kuchuma, kuanika, bundu, watoto watano. Wewe nyamaza. Najua kunyamaza ni kugumu.

Mkikubaliana kitu, kiwe kidogo: msimu ujao hakuna kuuza maua, na siku ya kupima kahawa mnakwenda wote wawili kwenye mizani.

Kuhusu kurudi kwenu, sioni sababu bado. Kama anakupiga na hukuandika, hiyo ni barua nyingine, niandikie upesi. Hofu ya mbuzi iondoe moyoni: Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba.

Zimebaki pesa zako za nyanya. Sikulaumu kwa kuficha, na wala hulazimiki kumwambia kila shilingi. Lakini gunia la unga si benki. Tafuta kikundi cha akiba cha akina mama hapo kijijini, kile chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, uweke humo kila wiki. Zitoe leo. Mimi nilipokuwa na mtoto wa tatu nilificha noti zangu ndani ya chungu cha maharagwe, juu ya dari. Nilipokwenda kuzichukua muhula ulipofunguliwa, panya alikuwa amezaa humo, na ada yote ilikuwa imetafunwa ikawa godoro la wanawe.