Kontrola ya SATA iko katika modi gani? Soma kwanza kabla ya kuandika chochote kwenye rejista zake

Salaam ndugu uliyeuliza, pamoja na wote wanaoufuatilia uzi huu. Umeeleza kwamba draiva yako ya AHCI (njia ya kisasa ya kuzungumza na kontrola ya SATA, yaani chipu inayoendesha diski) inafanya kazi vizuri ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, lakini ukiiwasha kerneli yako kwenye kompyuta halisi ya mezani inakwama pale inaposubiri biti ya HR, inayoianzisha kontrola upya, ijifute, na haisongi hata ukiiacha nusu saa. Umebandika pia thamani ulizozisoma kwenye PCI, njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta, yaani kitambulisho 8086:2920 na BAR5, rejista inayotaja anwani ya kifaa, yenye 0xC881. Thamani hizo mbili zinatosha kulijibu swali lako. Hata hivyo nitajibu kwa urefu, kwa sababu kosa la jamii hii limenipata mimi pia, na kwangu lilikaribia kuziweka data za mtu mikononi mwa mtu mwingine.

Chipu yako ni ICH9 ya Intel, na ndiyo hiyo hiyo inayoigwa na QEMU unapochagua mashine ya q35. Tofauti ni kwamba kwenye q35 kontrola hujitambulisha kama 8086:2922, maana yake iko katika modi ya AHCI, ilhali kwenye kompyuta yako BIOS, programu ya ubao inayoiwasha mashine, imeiweka katika modi ya zamani ya IDE. ICH9 hubadilisha kitambulisho chake kulingana na modi: ikiwa katika AHCI huonekana kama kifaa kimoja chenye milango 6, na ikiwa katika IDE hugawanyika kuwa vifaa viwili, 2920 chenye milango 4 na 2926 chenye milango 2. Msimbo uliobandika unatafuta kifaa chochote chenye daraja la 0x01, ambalo ni la vifaa vyote vya kuhifadhia data, kisha unaendelea moja kwa moja hadi BAR5 bila kusoma daraja dogo wala baiti ya kiolesura inayofuata. Kwa hiyo draiva yako imeikuta kontrola ya IDE na kuanza kuzungumza nayo lugha ya AHCI.

Sasa itazame BAR5 yenyewe. Biti ya chini kabisa ya 0xC881 ni 1, na kwa kanuni za PCI biti hiyo huonyesha kwamba anwani ni ya milango ya I/O, si ya kumbukumbu. Katika modi ya IDE, ICH9 huitumia BAR5 kwa jozi ndogo ya rejista za faharasa na data zenye upana wa baiti 16, ambazo si rejista za AHCI hata kidogo. Draiva yako ilizifuta biti 4 za chini, ikapata 0xC880, ikaichukulia kuwa anwani ya kumbukumbu, na katika kompyuta yako 0xC880 ni RAM ya kawaida. Uliandika biti ya AE, inayowasha AHCI, ukaisoma tena, ukaikuta ni 1, ukaridhika kwamba AHCI imewaka. Lakini RAM hurudisha chochote ilichopewa. Kisha ukaandika 1 kwenye HR na kusubiri kontrola iifute, na hapo hapakuwa na kontrola ya kuifuta. Mbaya zaidi ni kwamba kila ulichoandika kimeharibu kitu fulani ndani ya kumbukumbu ya kerneli yako, na hitilafu nyingine usizozielewa kwenye mashine hiyo huenda zimetoka hapo hapo.

Iko sura nyingine ya kosa hili ambayo inafaa uijue mapema. Ikiwa modi ni AHCI kweli, lakini biti ya 1 ya rejista ya amri ya PCI, inayoruhusu kifaa kijibu anwani za kumbukumbu, haijawashwa, basi kwa kawaida kila utakachosoma kitarudi 0xFFFFFFFF. Sasa, AE ni biti ya 31. Draiva inayouliza tu kama biti ya 31 imewaka itapata jibu la ndiyo kutoka kwa kifaa ambacho hakijasema lolote. PI, rejista inayoorodhesha milango iliyopo, nayo itaonyesha milango yote 32 ipo, na draiva itaanza kuikagua mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo mimi siichukulii AE kuwa ushahidi wa kwanza wa modi. Nataka iwe ushahidi wa mwisho.

Ninachofanya ni kusoma tu, bila kuandika kwenye rejista za AHCI, mpaka nijue niko mbele ya nini. Kwanza husoma daraja, daraja dogo na kiolesura kwa pamoja: 0x01, 0x06 na 0x01 ni AHCI, 0x01 na 0x01 ni IDE, 0x01 na 0x04 ni RAID. Kisha huangalia kwamba biti ya chini ya BAR5 ni 0 na kwamba anwani yenyewe si sifuri. Baada ya hapo ndipo huwasha ufikiaji wa kumbukumbu kwenye rejista ya amri na kusoma CAP (uwezo wa kontrola) iliyo 0x00, PI iliyo 0x0C, na VS (toleo la AHCI) iliyo 0x10. VS ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu thamani zake halali ni chache na zinajulikana, kama 0x00010000, 0x00010100, 0x00010200 na 0x00010300. RAM yenye takataka haitakupa mojawapo ya hizo isipokuwa kwa bahati ya ajabu, na kifaa kisichojibu hakitakupa kamwe. Ungeisoma VS kabla ya kugusa GHC, rejista yenye AE na HR, ungeligundua tatizo lako siku ya kwanza.

Nieleze sasa jinsi nilivyojifunza haya. Nafanya kazi katika duka la kompyuta za mitumba hapa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari. Nyingi ya mashine zetu hutoka Uingereza, hushushwa Kilindini zikiwa ndani ya kontena, na hutufikia baada ya kukaa miezi mingi bila umeme. Kabla ya kuziuza ni lazima tuzifute diski zake, kwa sababu zimebeba barua, hesabu na picha za watu tusiowajua, nami naliona jambo hilo kuwa amana. Niliandika programu ndogo inayowaka kutoka kwenye flashi diski, hutafuta kontrola, hufuta diski zote, kisha huonyesha matokeo kwenye skrini ili kijana wa duka aandike lebo na kuibandika juu ya kasha.

Siku moja ya Ijumaa tulipanga mashine 12 za aina moja, tukazijaribu zote, na zote zikaonyesha diski zake. Tukaziacha kwenye umeme ili zifutwe Jumatatu. Stima ikapotea mwishoni mwa wiki. Jumatatu mashine 3 kati ya hizo zilionyesha maneno "hakuna diski", na kijana akaandika lebo kama alivyoona. Mwenzangu alipofungua mojawapo ili aiwekee diski mpya, aliikuta ya zamani imo ndani, haijaguswa. Niliziwasha zote tatu na kuingia kwenye BIOS: saa ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, na modi ya SATA ilikuwa imerudi kwenye IDE. Betri za CMOS, kumbukumbu ndogo inayotunza mipangilio ya BIOS, zilikuwa zimekwisha, na kilichokuwa kikiuhifadhi mpangilio wa Ijumaa ni umeme wa ukutani peke yake.

Programu yangu haikukwama kama yako. Ilisoma daraja dogo, ikaona si 0x06, ikairuka kontrola hiyo kimya kimya, na mwishoni ikatangaza kwamba hakuna diski. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko kukwama, kwa sababu mashine iliyokwama humlazimisha mtu aichunguze, ilhali maneno "hakuna diski" humruhusu aendelee na kazi. Tangu siku hiyo draiva yangu haina ruhusa ya kuiruka kontrola yoyote ya daraja la 0x01 bila kuandika kwenye skrini kitambulisho chake, modi iliyokutwa, na kwamba diski zake hazikukaguliwa. Nawe ufanye hivyo hivyo, hata kama kerneli yako ni ya kujifunzia.

Ukishahakikisha kwamba modi ni AHCI, yamebaki mambo ya mpangilio. Soma biti ya 18 ya CAP, iitwayo SAM: ikiwa 1, kontrola haijui modi nyingine isipokuwa AHCI, na AE huwa imewaka daima; ikiwa 0, ni wajibu wako kuiwasha AE kabla ya kugusa rejista nyingine. Usitosheke na kuiandika mara moja. Draiva ya Linux huiandika na kuisoma tena hadi mara 5, ikingoja milisekunde 10 kati ya jaribio na jingine, kwa sababu zipo kontrola zisizoikubali mara ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kuianzisha kontrola upya kwa HR huifuta AE pale ambapo SAM ni 0, kwa hiyo iwashe tena baada ya hapo. Watu wengi huisahau hatua hii, kisha hushangaa milango yao yote imekuwa mabubu. Na kitanzi chako cha kusubiri HR kiwekee kikomo: kiwango cha AHCI kinaipa kontrola sekunde 1, ikipita hapo uihesabu imekwama na uripoti.

Kabla ya hiyo HR, soma CAP2 iliyo 0x24. Ikiwa biti ya 0 imewaka, BIOS huenda bado inaimiliki kontrola, na inabidi uiombe kwa kuwasha biti ya OOS (umiliki wa mfumo endeshi) kwenye BOHC, rejista ya kukabidhiana kontrola, iliyo 0x28, kisha usubiri BOS (umiliki wa BIOS) ifutike. Ikiwa ndani ya milisekunde 25 biti ya BB imewaka, BIOS ina kazi mkononi. Ipe angalau sekunde 2 ikamilishe.

Umeuliza pia kama draiva inaweza kuibadilisha modi yenyewe. Kwenye ICH9 modi hupangwa kupitia rejista ya MAP, iliyo 0x90 kwenye nafasi ya mipangilio ya PCI, lakini sikushauri uiguse. Kitambulisho na daraja hubadilika chini ya miguu yako, na BAR5 iliyopewa anwani ya I/O na BIOS itahitaji kutengewa upya nafasi ya kumbukumbu, kazi ambayo kerneli changa haijaiva kuifanya. Ingia kwenye BIOS, chagua AHCI, na ubadilishe betri ikiwa imechoka. Ila ikiwa kwenye diski hiyo kuna Windows iliyosakinishwa katika modi ya IDE, ujue inaweza kugoma kuwaka na kuonyesha kosa 0x7B, kwa hiyo itayarishe kwanza.

Ili ulijaribu rekebisho lako bila kurudi kwenye kompyuta halisi, iwashe QEMU kwa mashine ya pc badala ya q35. Utapata kontrola ya PIIX3 yenye kitambulisho 8086:7010, daraja dogo 0x01, na kiolesura 0x80, isiyokuwa na AHCI kabisa. Draiva yako inatakiwa isome thamani hizo, iandike kwamba imekuta IDE, na iache bila kuandika hata baiti moja. Ikifanya hivyo, irudishe kwenye ile ya mezani kabla hujabadilisha chochote kwenye BIOS, kisha ubandike hapa maneno itakayoyatoa, tuyatazame pamoja.