Weka hiyo pampu chini kwanza

Mkuu sijasoma hata majibu ya wengine. Umeuliza mambo matatu, tikiti zimeanza kutoa maua na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamejaa kwa hiyo kesho asubuhi unapiga imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu, uchanganye kiasi gani kwa pampu ya lita 16, mizinga yako miwili ya nyuki uielekeze wapi, na mbolea ya kukuzia uweke lini. Nimefika hapo kwenye imidaklopridi nimeishiwa nguvu. Usichanganye kiasi chochote. Kesho asubuhi usipige, nakuomba kabisa.

Mimi nilifanya hicho hicho, zao hilo hilo, wiki hiyo hiyo ya maua, na nilikuwa na mizinga sita pembeni ya shamba. Nilienda kununua dawa na muuzaji akaniambia hii ni ya kisasa, inaingia ndani ya mmea, anakufa mdudu anayefyonza majani tu, nyuki hafyonzi majani kwa hiyo hana shida. Nikamuuliza mara mbili, nina mizinga, una uhakika? Akasema nyuki ana akili, akisikia dawa anakimbia mwenyewe. Akanishauri nipige saa tatu asubuhi kabla jua halijawa kali, na nichanganye na dawa ya ukungu humo humo nisirudie kazi. Mambo manne hayo na hakuna hata moja lililokuwa salama kwa nyuki. Na aliyasema kwa kujiamini kiasi kwamba nikaona aibu kuendelea kuuliza.

Sikia sasa. Ua la tikiti linafunguka asubuhi, mchana linasinyaa, na halifunguki tena maisha. Yaani saa tatu ndo nyuki wamejaa shambani kuliko muda mwingine wowote, nikapita na pampu juu ya vichwa vyao. Halafu hiyo "inaingia ndani ya mmea", inaingia inaishia wapi? Inapanda mpaka kwenye chavua, ule unga wa ua, na kwenye mbochi, yale maji matamu ya ua ambayo nyuki anayafuata. Anakunywa na anabeba kupeleka nyumbani kulisha wengine. Hayo ya kukimbia ni uongo, hawezi kuionja. Na dawa za ukungu, baadhi yake zinamnyima nyuki uwezo wa kuivunja sumu mwilini, kwa hiyo ukichanganya unaweza kuwa unamuua mara mbili.

Mchana niliwakuta wanatambaa chini, wanatetemeka, wanazunguka sehemu moja, ulimi umetoka nje. Ukiona nyuki amekufa ulimi umetoka, shuku sumu kabla ya kitu kingine. Asubuhi yake mbele ya kila mzinga kulikuwa na rundo la maiti na wachache waliobaki hai wanahangaika kuwaburuta wenzao kuwatoa nje. Sijawahi kusahau hiyo picha. Jioni akaja mzee jirani, shamba lake liko kama kilomita moja, ameshika jani lina nyuki wafu amelikunja vizuri kama amebeba kitu cha thamani. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, umepiga nini?" Sikuwa na jibu. Nyuki anaruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula na wakati mwingine zaidi, kwa hiyo unapopiga dawa kwenye maua unapiga na mizinga ya watu ambao hata hujui kama wanafuga.

Nikajipa moyo kwamba malkia wapo, wanataga mayai zaidi ya elfu kwa siku, watajirudi. Hapa ndo nataka usome polepole maana hakuna aliyenieleza. Nyuki kibarua kutoka yai mpaka kutoka kwenye sega ni siku 21. Akitoka haendi shambani, anakaa ndani kama wiki tatu hivi anasafisha, analisha watoto, anajenga masega, ndo baadaye anatoka kutafuta chakula. Jumlisha. Ni kama wiki sita kabla yai la leo halijawa nyuki wa kutua kwenye ua lako, na huyo akishaanza kutoka hana siku nyingi za kuishi. Wiki sita mkuu! Maua yako yatakusubiri wiki sita? Kwangu wale wadogo wa ndani walilazimika kutoka kabla ya wakati, watoto wakakosa wa kuwalisha, mizinga minne ikafa na miwili ikabaki na kundi la kukufanya ulie.

Na tikiti zenyewe hazikushika. Tikiti lina ua dume na ua jike mbali mbali, na chavua yake inanata, upepo hauwezi kuibeba, lazima mdudu aihamishe, tena atue mara kadhaa kwenye ua moja jike. Kila mbegu nyeusi unayoitema ilihitaji chembe yake ya chavua. Zikifika chache tunda linakua upande mmoja limepinda, zisipofika kabisa kale katunda kadogo kanageuka njano kanadondoka. Nilikuwa naokota vitunda kama ukubwa wa kidole gumba, vimejaa chini. Nikaanza kuchavusha mwenyewe, natoka alfajiri, nachuma ua dume nachubua petali nalipaka kwenye ua jike, naenda kwa lingine, mpaka saa nne mgongo umekufa na sijamaliza hata mistari mitatu, na kesho yake maua mapya yamefunguka tena. Hiyo kazi nyuki walikuwa wananifanyia bure, na mimi niliwalipa kwa sumu.

Baada ya hapo nilisoma sana, kwa hasira. Kumbe karibu robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani yanategemea wachavushaji angalau kwa sehemu. Umoja wa Ulaya ulizuia dawa tatu za ukoo huu, imidaklopridi ikiwemo, mwaka 2013 kwa mazao yanayovutia nyuki, na 2018 ukapiga marufuku kuzitumia nje kabisa. Marekani tangu 2006 wafugaji walikuwa wanafungua mizinga wanakuta malkia yupo, watoto wapo, asali ipo, vibarua hawapo. Sisemi dawa peke yake ndo inamaliza nyuki, kuna utitiri wa varoa, kidudu kinachomnyonya nyuki, kuna magonjwa, kuna mapori ya maua yanafyekwa mpaka nyuki anakosa chakula, ila hayo mengine wewe huwezi kuyazuia kesho asubuhi. Hili unaweza. Na duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, wengi hawaishi kwenye mzinga, wanachimba vishimo ardhini humo humo shambani, wakifa hakuna mtu wa kuhesabu maiti.

Kanuni yangu sasa ni moja: ua likifunguka, pampu inafungwa. Najua atatokea mtu hapa aseme "piga jioni nyuki wakishalala". Kwa dawa ya kugusa inayoisha nguvu haraka, jioni inasaidia kupunguza madhara. Kwa hii yako inayokaa ndani ya mmea jioni haitoshi, kesho itakuwa iko kwenye ua.

Vidukari nenda ukawaangalie chini ya majani, vichomozo vilivyojaa sana kata toa nje ya shamba, waliobaki wapige maji ya kasi wadondoke. Ukiona wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waache, wanakula vidukari kutwa. Utapoteza majani kidogo, sawa, majani yanarudi.

Halafu chukua hiyo chupa, geuza nyuma, soma yale maandishi madogo kabisa. Yangu ilikuwa imeandikwa ni hatari kwa nyuki na isipuliziwe wakati wa maua, niliisoma siku tatu baadaye nimekaa mbele ya mizinga. Piga picha ya lebo uiweke hapa usiku huu, niko macho, na kama tayari umeshachanganya sema usiogope.