Mgeni wangu nampeleka Chumbe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mgeni akija kwa siku moja tu, utampeleka kwenye jengo gani la kale la pwani, na kwa nini? Najua wengi watataja Ngome Kongwe ama magofu ya Kilwa. Mimi nampeleka kisiwani Chumbe, kwenye mnara wa taa.

Wengi wenu mmeshauona. Ukitoka Dar kwa boti, unapoikaribia Unguja mjini, kuna kisiwa chembamba mkono wa kulia, na mnara umechomoza juu ya miti. Abiria wakiuona ndipo wanapoanza kutafuta viatu.

Waingereza waliujenga mwaka 1904, na mwaka 1926 taa yake ikawekewa mtambo wa gesi. Watunzaji wa taa walitoka India; wakajijengea msikiti mdogo wa mtindo wa kwao, nao upo hadi leo chini ya mnara. Hebu fikiria maisha yao: kisiwa hakina kisima wala chemchemi, ni jiwe la matumbawe tupu lenye ncha za kukata kandambili, na mibuyu imeota humo humo kwenye nyufa. Nyumba yao iligeuka gofu, kisha ikaezekwa upya kwa paa kubwa la makuti, na sasa ndiko wanakopokelewa wageni.

Lakini mnara wenyewe si ndio unaonivutia zaidi. Upande wa magharibi wa kisiwa hupita njia ya meli, na kwa sababu hiyo wavuvi walikatazwa kuvua pale, vyombo vyao vidogo visije vikazuia meli kubwa. Juu ya hayo, jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya mizinga kutoka ufukwe wa jirani, na wavuvi wenye mashine ya boti ya kuwafikisha mbali vile walikuwa wachache. Basi kwingine wakipiga baruti na kukokota nyavu, mwamba wa matumbawe wa Chumbe ukabaki salama bila mtu kukusudia. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa askari wake. Leo pana aina zipatazo 200 za matumbawe magumu na zaidi ya 400 za samaki. Meli zile zile zilizohitaji taa ndizo zilizowanusuru changu na chewa!

Ngazi ni zaidi ya 130, na magoti yatalalamika. Ukifika juu, tazama magharibi maji yakiwa yamekupwa: mwamba unaonekana wote, kahawia na kijani kibichi, kisha ghafla bluu nzito pale kina kinapoanza. Boti ya Dar inapita huko na povu lake jeupe. Mimi naipenda picha hiyo kuliko machweo yanayosifiwa kila siku.

Bei, nakiri, si ya kila mfuko. Wageni huchukuliwa wachache kwa siku, kwa hiyo ulizia nafasi mapema, na uulize pia maji yanajaa saa ngapi, maana kuogelea mwambani kunafuata maji. Boti huondokea Mbweni ya Unguja. Akiweza kulala, alale: usiku hutoka kaa wakubwa wanaopanda miti na kupasua nazi, na mgeni wako atawasimulia hao kabla hajautaja mnara.