Nilimbatiza mjukuu kwa maji ya chupa: je, arudiwe?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Binti yangu alijifungua mapacha kabla ya miezi kutimia, kwenye zahanati ya kijiji chetu huku Chamwino. Wa kwanza alikata roho tukiwa bado tunahangaika na mama yake. Wa pili alianza kukata pumzi, na gari la kutupeleka Dodoma mjini halijafika. Nikachukua maji ya kunywa ya chupa, nikammwagia kichwani, nikambatiza Yohane. Amepona, sasa ana miezi minne. Mzee mmoja wa jumuiya anasema mwanamke habatizi, na maji yenyewe hayakubarikiwa. Mkwe wangu, anayesali kanisa la wokovu, anataka mtoto asubiri akue, akazamishwe bwawa la Hombolo. Nami sikumbuki vizuri kama nilisema "ninakubatiza" au "tunakubatiza". Je, nilitenda dhambi? Arudiwe? Na yule aliyetangulia, ambaye maji hayakumwahi, tumfikirieje?

JIBU: Milele amina, Bibi. Pole kwa msiba, na pole kwa maneno uliyoongezewa juu ya msiba.

Hukutenda dhambi hata kidogo. Kichanga akiwa katika hatari ya kufa, Kanisa linataka abatizwe bila kukawia (Sheria ya Kanisa, kanuni 867). Padre asipokuwepo, anaweza kubatiza mtu yeyote mwenye kusudi la kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya (kanuni 861): muuguzi, mkunga, dereva, hata Mwislamu akiombwa na mama wa mtoto.

Huyo mzee wa jumuiya ningependa anieleze mafundisho yake aliyatoa wapi. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze, mwaka 1439, ulitamka wazi kwamba penye dharura hata mwanamke, hata mpagani, anabatiza. Mzee anadhani nguvu ya ubatizo inatoka kwa anayemwaga maji, na kosa hilo ni la kale. Mwaka 256 Siprian, askofu wa Karthago, mtu mtakatifu kabisa, alishikilia kwamba waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya. Papa Stefano akamkatalia. Mwaka 314 mtaguso wa Arles ukasimama upande wa Roma: aliyekwisha kubatizwa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu harudiwi. Mtakatifu Agostino, askofu, akaja kufundisha kwamba akibatiza Petro, ni Kristo anayebatiza; akibatiza Yuda, ni Kristo anayebatiza. Sasa kama mkono wa Yuda unafaa, mkono wa bibi usifae kwa sababu amevaa khanga?

Kubariki maji ni utaratibu mzuri wa kanisani, wala si sharti la uhalali. Yanatakiwa maji halisi: ya bomba, ya mvua, ya bahari, hata yale ya tope mnayofukua mchangani kwenye korongo wakati wa kiangazi. Maziwa hayabatizi, wala mvinyo wetu wa Dodoma. Maji ya dafu nayo, japo tunayaita maji, hayabatizi. Kisha maji yatiririke juu ya ngozi ya kichwa. Kidole kilicholoweshwa na kupakwa kwenye paji la uso kinaleta shaka, na mtoto mwenye nywele nyingi zipanguliwe kwanza. Mara tatu ndiyo desturi. Mara moja yatosha, hata kama ni kifuniko kimoja cha chupa. Anayemwaga ndiye huyohuyo atamke, wakati uleule. Mmoja akimwaga na mwingine akisema, hakuna ubatizo hapo.

Shida ya kweli katika barua yako ni hiyo "ni" na "tu". Tarehe 6 Agosti 2020 Vatikano ilitangaza kwamba aliyebatizwa kwa maneno "tunakubatiza" hajabatizwa, kwa sababu anayebatiza si ukoo wala jumuiya. Ni Kristo, kwa kinywa cha mtumishi mmoja. Kwetu tofauti nzima imekaa kwenye silabi moja. ("Nakubatiza" na "ninakubatiza" ni kitu kimoja, usihofu.) Wengine katika hekaheka husema tu "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", kama wanaofanya ishara ya msalaba, wakaacha neno lenyewe la kubatiza. Hilo nalo halitoshi.

Basi usijitese kukumbuka peke yako. Mtafute muuguzi aliyekuwa zamu. Muulize, "Ulinisikia nikisema nini?" Usimuulize, "Ulisikia nikisema ninakubatiza?", maana atakukubalia kwa huruma. Kwa kuthibitisha ubatizo, shahidi mmoja wa kuaminika anatosha (kanuni 876). Akiwa na hakika, mambo yamekwisha. Shaka ikibaki baada ya kuulizia vizuri, paroko atabatiza kwa sharti: "Kama hujabatizwa, mimi ninakubatiza..." Huko si kurudia. Kurudia ni kutangaza kwamba tendo la Mungu la mara ya kwanza lilikuwa uongo, na Mtume Paulo anasema, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja."

Kwa mkwe wako nina upole zaidi, kwa kuwa naye anamtakia mtoto wokovu. Kuzamisha sisi hatukukatai. Kanuni 854 inaruhusu kuzamisha au kumimina. Tunachokataa ni kwamba ubatizo wa mtoto si kitu mpaka akiri mwenyewe. Husomewa "Aaminiye na kubatizwa ataokoka", lakini mstari haujaishia hapo: "asiyeamini, atahukumiwa." Ukimbana mtoto mchanga kwa nusu ya kwanza, mbane na ya pili, uone unafika wapi. Yule mwenye kupooza alisamehewa Yesu "alipoiona imani yao", imani ya waliombeba. Na mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa usiku uleule, yeye na watu wake wote. Sioni bwawa la Hombolo katika habari ile.

Ila hoja hizi usizipeleke wewe kwa mkwe. Heshima iliyopo kati yenu ni ya thamani kuliko kumshinda. Mwache binti yako aongee na mumewe, wakiwa wawili. Mkwe wako pia alifiwa na mtoto siku ile, na sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Paroko apewe taarifa mapema. Kama ubatizo umethibitika, mtoto atapelekwa kanisani apakwe Krisma (mafuta matakatifu), avikwe nguo nyeupe, apewe mshumaa na msimamizi. Daftarini tarehe ya ubatizo iwe ile ya zahanati, si ya siku hiyo ya kanisani, na jina lako liandikwe kama mbatizaji. Kosa hapo litamsumbua Yohane wakati wa Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na ndoa.

Huyo aliyetangulia Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na lina sala zake kwa watoto waliofariki kabla ya ubatizo waliokusudiwa na wazazi. Kanuni 1183 inaruhusu hata mazishi ya Kanisa, kwa idhini ya askofu. Aliyesema "Waacheni watoto wadogo waje kwangu" hakufungwa mikono na gari lililochelewa. Kama alizikwa bila sala, muombe paroko aje kaburini siku ileile ya Yohane, na wazazi wakitaka kumpa jina, walitaje hapo.