Asilimia 30 ya Zabuni Inapoishia kwa Madalali

SWALI: Mimi ni afisa wa ununuzi katika chuo cha ufundi cha umma hapa Kenya. Kila mwaka tunatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini wanaoshinda zabuni ya chakula ni watu wanaonunua sokoni na kutuuzia, huku vikundi vya wakulima walio jirani zetu vikiambulia patupu. Tufanyeje bila kuvunja sheria?

JIBU: Ndugu afisa, kiwango hicho kimewekwa na kifungu cha 157 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoshaji wa Mali ya mwaka 2015, lakini fedha zitamfikia nani ni jambo mnaloliamua ninyi, kwa ukubwa wa zabuni na kwa tarehe ya malipo.

Zabuni moja ya mahindi, maharagwe, maziwa na mboga za mwaka mzima haiombeki na kikundi cha akina mama wenye sukuma wiki pekee. Igawanyeni kwa mafungu ya bidhaa, kila fungu likiombwa peke yake, ndani ya tangazo lilelile, na mgawanyo huo uonekane tangu kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Sheria inakataza kuvunjavunja ununuzi ili kukwepa ushindani, na hapa ushindani haukwepwi. Dhamana ya benki nayo msiidai kwa makundi hayo, kwani fomu ya tamko la kulinda zabuni, yaani ahadi iliyotiwa sahihi badala ya dhamana, inatosha.

Penye maumivu zaidi ni malipo. Nimeshuhudia mboga zikipimwa alfajiri mlangoni pa jiko, zikaliwa mchana, kisha hati ya kupokelea ikangoja sahihi wiki tatu kwa kuwa mjumbe mmoja wa kamati ya ukaguzi alikuwa safarini. Bila sahihi hiyo ankara haifiki kwa mhasibu, na kikundi kilichokopa kwenye chama kinaendelea kulipa riba, hata msimu unaofuata kikaona heri kumwuzia dalali anayelipa taslimu shambani, japo kwa bei ya chini. Dalali mnayemlalamikia mara nyingi ameletwa na ucheleweshaji wetu sisi wanunuzi. Kwa bidhaa zinazoharibika, kamati itie sahihi siku ileile, na mkataba utaje siku za kulipa. Mimi hupendekeza 14.

Katika taarifa zenu, kando ya thamani ya zabuni zilizotolewa, andikeni shilingi zilizolipwa na siku zilizopita tangu mzigo kupokelewa.