CRP ya mzee imefika 180, je, ni hatari?

Pole kwa kuuguza, dada. Hiyo 180 peke yake haisemi kama nimonia ya baba ni kali kiasi gani. CRP ni protini ya ini inayopimwa kwenye damu, hupanda upesi maambukizi yakiingia, kwa hiyo angalia mwenendo wake. Isiposhuka hata nusu baada ya siku 3 au 4 za dawa, madaktari hutafuta sababu, pengine usaha umejaa pembeni ya pafu.

Mimi ningeulizia yurea, yaani taka ya mwili inayopimwa kwenye damu. Ikizidi milimoli 7 kwa lita, na mzee ametimiza miaka 65, tayari ana alama mbili kati ya tano za CURB-65, kipimo cha ukali wa nimonia. Zilizobaki hazihitaji hata sindano: kuchanganyikiwa, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka. Akianza kuongea ovyo usiku, mwite nesi hapo hapo, usingoje majibu ya maabara.